Kompyuta Haijapata Kugusa Chuma

Ipo rai iliyoenea siku hizi miongoni mwa watu wenye elimu, nayo imeenea hata imekuwa kama jambo lisilodai ushahidi, ya kwamba mota ya umeme haibuniwi tena karakanani bali hubuniwa katika kioo cha kompyuta. Kwamba benchi la majaribio, mizani, na mikono yenye harufu ya vanishi ni masalio ya zama zilizopita. Na kwamba nchi itakayo kuunda pampu zake na jenereta zake haina haja ila ya vijana werevu, programu ya uigaji iliyolipiwa ada, na umeme usiokatika. Rai hii nimeisikia mara nyingi nikaipisha njia, kama mtu apishavyo harusi isiyo yake. Lakini mwaka juzi niliisikia katika kikao cha chuo kimoja cha ufundi, ambacho sitakitaja, na siku ile haikupita mikono mitupu: iliondoka na mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa dinamometa ya kale, iliyofungwa juu ya zege katika chumba cha chini. Fremu yake ililala juu ya beringi, ikawa huru kujipindua. Ubavuni ulitokeza mkono wa chuma wa nusu mita, na mwisho wa mkono ule ilitundikwa mizani ya springi. Unafunga mota yako kwa kaplingi, unaiwasha, unaipa mzigo. Fremu inataka kuifuata mota, mizani inaizuia, na sindano inakuambia pasipo kukustahi mota yako ina nguvu kiasi gani ya kuzungusha. Kikao kiliamua iuzwe kwa kilo, chumba kipakwe rangi, ziwekwe kompyuta ishirini. Tuliopinga tulikuwa wawili, mimi na mtunza stoo, na mtunza stoo hakuwa na kura.

Insafu yanidai niieleze rai hii kwa nguvu zake zote kabla sijaijibu, maana waisemao si wajinga. Wao husema kwamba kanuni za umeme na sumaku alizozitangaza James Clerk Maxwell mwaka 1865, ambazo Oliver Heaviside alizifupisha baadaye zikawa nne, hazijapata kukanushwa na mota yoyote duniani. Husema kwamba njia ya kulikata umbo gumu vipande vidogo vidogo na kukihesabu kila kipande imekwisha kuthibitika: ilishika kasi kwa wahandisi wa ndege wa Boeing katika miaka ya 1950, waliokuwa wakihesabu mabawa, na mwaka 1970 Peter Silvester na M. V. K. Chari wakaonyesha jinsi ya kuitumia kwa chuma kinachoshiba sumaku. Husema kwamba kuunda mota ya majaribio ni kazi ya miezi, kuchonga dai la kukatia bati, kukata vibati, kusuka, kuoka vanishi, kusawazisha rota, ilhali kompyuta hujaribu maumbo elfu usiku mmoja na mwenyewe amelala. Na mwisho husema, na hapo sauti zao hulainika, kwamba programu imeleta usawa: kijana wa Mwanza mwenye kompyuta ya mkononi yu sawa na mhandisi wa Stuttgart.

Hoja ni nne. Nitazijibu kila moja kwa kadiri ya uzito wake, na uzito wake si sawa.

Hoja ya kwanza: kwamba kanuni ni za kweli

Ni za kweli, nani aliyezikana? Lakini msomaji na azitazame vema zinasema nini na zinanyamazia nini. Mahali patupu, pasipo kitu, kanuni zile hazihitaji msaada wa mtu. Zikifika kwenye chuma husimama mlangoni na kuuliza: chuma hiki, kikisukumwa na mkondo kiasi hiki, kitakubali sumaku kiasi gani? Swali hilo Maxwell hakulijibu, wala kompyuta haina njia ya kulijibu, kwa kuwa jibu lake halimo katika hesabu, limo katika chuma chenyewe, na chuma cha kiwanda hiki si chuma cha kiwanda kile. Bati la mota hupokea sumaku kwa ukarimu mpaka hapo karibu na tesla 1.5, kisha huanza kushiba, na tangu hapo kila nyongeza ndogo hununuliwa kwa mkondo mwingi. Mchoro wa kushiba huko, ambao kila programu huudai kabla ya kufanya lolote, hupatikana kwa kukata vipande vya bati, kuvipanga mraba katika kifaa kiitwacho fremu ya Epstein, kuvizungushia waya, na kupima. Kupima, nasema, si kuiga.

Na huo ndio upande rahisi wa jambo. Mwaka 1892 Charles Proteus Steinmetz, mkimbizi kutoka Breslau aliyekuwa amefika Marekani miaka michache kabla, alitaka kujua ni joto kiasi gani hupotea chuma kinapogeuzwa sumaku huku na huku. Hakulijua kwa kutafakari. Alipima sampuli baada ya sampuli, akachora, akaona kwamba upotevu hupanda kwa kipeo cha 1.6 cha msongamano wa sumaku. Namba ile haikutoka kwa Maxwell. Ilitoka mezani, kwa mtu mwenye kibyongo aliyekuwa na subira. Leo, baada ya zaidi ya miaka 130, programu inayouzwa kwa bei ya gari ina kisanduku kidogo pembeni kinachomtaka mtumiaji aandike namba za Steinmetz za bati lake, na asipozijua humwekea za bati jingine, kwa adabu, pasipo kumwambia kwamba hilo ni bati jingine.

Fauka ya hayo, bati lililopimwa si bati lililomo ndani ya mota. Dai likipita, ukingo wa bati huumia, na sumaku haipiti tena pale kwa wepesi wa awali. Katika kipande kipana cha kupimia jeraha hilo ni dogo. Katika jino la stata lenye upana wa milimita nne, karibu jino zima ni ukingo. Basi hao wanaoisifu kompyuta kwa kutuondolea taabu ya kupima wamesahau kwamba kompyuta yenyewe inaishi kwa vipimo vya watu wengine, mfano wa mgeni anayewateta wapishi huku mkono wake ungali katika sinia.

Hoja ya pili: kwamba njia imekwisha kuthibitika

Programu hulifunika umbo la mota kwa wavu wa pembetatu, na ndani ya kila pembetatu huchukulia kwamba mambo hubadilika kwa utaratibu mwepesi. Matundu yakiwa mapana, jibu huwa la ovyo. Yakiwa madogo mno, kompyuta hukesha. Pagumu kuliko pote ni mwanya wa hewa kati ya stata na rota, ambao katika mota ndogo ni theluthi ya milimita au nusu, na humo ndimo kazi yote ya mota inamofanyika. Nimemwona mtu akihesabu ule mgandogando unaousikia mkononi unapoizungusha polepole rota yenye sumaku za kudumu. Ni nguvu ndogo, iliyobaki baada ya nguvu kubwa kukatana zenyewe kwa zenyewe. Akabadili wavu, jibu likabadilika. Akabadili tena, jibu likaruka upande wa pili wa sifuri. Picha haikubadilika. Ilibaki ileile, bluu, kijani, manjano na nyekundu, inapendeza kama doti mpya ya kanga, na ndiyo iliyotiwa katika ripoti.

Aghalabu, tena, mota huhesabiwa kama mkate: hukatwa kipande kimoja katikati, kikahesabiwa hicho, na vingine vyote vikadhaniwa kuwa ndugu zake. Vichwa vya koili vilivyotokeza nje ya chuma pande zote mbili havimo katika kipande kile. Hivyo hutiwa kwa kanuni za kukadiria zilizoachwa na wazee wa karne iliyopita, wazee walewale wa mabenchi na mizani ambao tuliambiwa zama zao zimepita.

Mwisho wa hesabu programu huandika ufanisi wa asilimia 87.4163, tarakimu nne baada ya nukta, kwa utulivu wa kadhi. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana kuna kisa kinachostahili kuelezwa kwa urefu.

Umeme unaoingia katika mota na usitoke kwenye shafti hupotea kwa njia zinazojulikana: joto la waya wa stata, joto la rota, joto la chuma, na msuguano. Ukizijumlisha zote, daima kuna kitu kimebaki ambacho hakimo katika fungu lolote, na wahandisi wamekiita upotevu wa ziada, jina ambalo ni namna ya kistaarabu ya kusema hatujui kilikotoka. Kwa miaka mingi kanuni za IEC, zilizofuatwa Ulaya, zilielekeza hivi: msihangaike kuupima, uchukueni tu kuwa nusu ya asilimia ya umeme unaoingia. Wamarekani, kwa njia B ya kanuni yao ya IEEE 112, waliupima, na waliupima kwa kuifunga mota kwenye dinamometa. Ikawa mota moja, chuma kilekile na shaba ileile, ina ufanisi wa namna mbili kutegemea inauzwa ng'ambo ipi ya Atlantiki; na katika mota ndogo na za kiasi, upotevu wa kweli ulionekana mara kwa mara kuwa mara mbili, mara tatu, au zaidi ya ile nusu. Mwaka 2007 IEC ilitoa kanuni mpya, 60034-2-1, ikautanguliza upimaji, na asiyepima akatozwa kadirio zito zaidi: asilimia 2.5 kwa mota ya kilowati moja na chini yake, ikishuka kidogo kidogo hadi asilimia 0.5 kwa mota ya kilowati 10,000.

Msomaji na atazame tarehe. Tangu 1970 hadi 2007 ni miaka 37, na miaka yote hiyo njia ya vipande ilikuwapo, programu zilikuwapo, picha za rangi zilikuwapo. Nusu ile ya asilimia ilikaa kitini pake kwa amani. Kilichoiondoa ni mota nyingi zilizofungwa moja moja kwenye mashine za jamaa ya ile tuliyoiuza kwa kilo.

Hoja ya tatu: kwamba ni haraka, na haraka ni rahisi

Kompyuta hujaribu maumbo elfu usiku mmoja, naam. Lakini hujaribu kwa kutafuta umbo linalopata alama nyingi katika hesabu yake, na hesabu yake, kama tulivyoona, ina mahali inapokosea. Mtafutaji mwenye bidii asiyechoka, ukimpa mizani yenye kasoro, atakuletea bidhaa inayofaidika na kasoro ile kuliko zote. Atakuletea meno membamba mahali ambapo programu haikujua kuwa ukingo umeumia. Atakuletea sumaku nyembamba kwa kuwa uliandika nyuzi 80 za joto nawe ulikusudia 120, na sumaku ya neodimiamu hupungua nguvu kwa kama sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja inayopanda, na ikizidi kiasi, ikipoa haiirudishi. Kadiri maumbo yanavyozidi kuwa mengi, ndivyo uwezekano wa mshindi kuwa mtoto wa kosa unavyozidi. Hili sijalisikia likitajwa na wauzaji hata mara moja.

Ama kuhusu urahisi wa bei, ningependa kuwakumbusha wajumbe wa kikao kile historia fupi ya maduka. Infolytica ya Montreal, iliyochipuka kutokana na kazi ya Silvester mwenyewe, ilikuwa na programu yake iitwayo MagNet. Mwaka 2017 ikanunuliwa na Mentor Graphics, ambayo nayo mwaka huohuo ilikuwa imenunuliwa na Siemens. Cedrat ya Grenoble, wenye Flux, ikanunuliwa na Altair mwaka 2016. Na mwaka 2025 Altair nayo ikaingia Siemens, hata wapinzani wawili wa miaka mingi wakajikuta wamelala chumba kimoja. Ansoft ya Pittsburgh ilichukuliwa na Ansys mwaka 2008, na Ansys ikachukuliwa na Synopsys mwaka 2025. Kila ndoa ya namna hiyo huja na ada mpya na masharti mapya, na faili la mchoro lililofungwa kwa ufunguo wa duka moja halifunguki kwa jirani. Dinamometa yetu haikupata kudai ada ya mwaka. Ilidai grisi.

Na ajabu ni kwamba programu za bure zipo, tena nzuri: FEMM ya David Meeker, ambayo mimi mwenyewe naitumia kila wiki, na Elmer ya kituo cha CSC cha Finland. Kikao hakikuzitaja. Mtu anayetetea usawa kisha akaenda kununua kufuli sijui nimwiteje.

Hoja ya nne: kwamba kijana wa Mwanza yu sawa na mhandisi wa Stuttgart

Kijana ninayemjua si wa Mwanza. Alisoma katika kile chuo changu, akahitimu kwa alama nzuri, na siku moja nilifuatana naye hadi karakana ya fundi mmoja wa kusuka mota huko Gerezani, Dar es Salaam. Juu ya benchi palikuwa na mota ya pampu ya kilowati 2.2, fezi tatu, ya aina ileile aliyoibuni Mikhail Dolivo-Dobrovolsky mwaka 1889, wakati kompyuta ya mhandisi ilikuwa penseli. Ilikuwa imesukwa upya, imeokwa, imekauka. Kijana alikuwa ameipima stata, amehesabu sloti 36 na mizunguko ya waya, ameingiza yote katika programu usiku uliotangulia, na programu imemwambia kwamba mota ikizunguka bila mzigo itavuta ampea 2.4.

Fundi aliiwasha, akazungusha klampu mita kwenye waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ampea 3.5; 3.5; 3.6.

"Mzee, shikamoo yako nilikupa mlangoni," kijana akasema akitabasamu, "lakini naona umekosea mizunguko."

"Marahaba niliipokea, bwana mdogo, na mizunguko sikukosea." Mzee akaizima, akalegeza bolti nne, akavuta kifuniko, akachomoa fila, vile visu vyembamba vya kupimia nafasi, akakipitisha kimoja kati ya rota na stata, kikaingia bila kusuguana, akaongeza kingine, kikaingia, akasimama kwenye sita za kumi za milimita. "Rota hii iliwahi kukwaruza, beringi ilipokufa. Mwenye mota akaipeleka kwenye mashine ya kukereza, wakaikereza ing'ae. Sasa inang'aa. Na hapa," akagusa ndani ya stata kwa kidole, mahali ambapo bati lilikuwa na rangi ya samawati iliyokoza, "aliyeisuka kabla yangu alitoa koili kwa moto wa kuni. Vibati vimeshikana. Itakuwa na joto hii, hata ukiisuka kwa dhahabu."

Kijana alikuwa ameandika mwanya wa 0.35. Aliupata katika katalogi ya mota kama ile, mota mpya, iliyotoka kiwandani pasipo kukerezwa wala kuchomwa. Papo hapo, pale karakanani, alifungua kompyuta, akafuta 0.35 akaandika 0.6, na programu ikampa ampea 3.4.

Najua watakavyosema: si unaona, programu ilikuwa sahihi, kosa ni la namba aliyoiingiza! Hasha, simlaumu farasi kwa kwenda alikoelekezwa. Nasema hilo ndilo shtaka lenyewe. Namba ile ilipatikana kwa kisu cha fila katika mkono wa mtu aliyejua pa kukichomeka, na rangi ya samawati haikuwa na kisanduku chochote cha kuandikwa. Sasa, katika mota zinazozunguka Afrika ya Mashariki, ni ngapi zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani? Mashine zetu zimesukwa mara mbili, mara tatu, kwa waya wa geji iliyopatikana dukani siku ile, zinalishwa volti zinazopanda na kushuka. Mhandisi wa Stuttgart ana ghorofa nzima ya mabenchi nyuma ya kompyuta yake, na kila namba anayoiandika imetoka huko. Kumpa kijana wetu kioo kilekile, kisha kumwuzia benchi lake kwa kilo, na kuliita jambo hilo usawa, kwahitaji moyo mgumu au kutojali kwingi.

Dalali wa chuma chakavu aliyeinunua dinamometa hakuivunja. Yule mzee wa Gerezani alipita kwake kutafuta shafti, akaiona, akaitambua, akailipia. Ipo sasa nyuma ya karakana yake, chini ya turubai, imefungwa kwenye zege jipya. Mizani ya springi ilikuwa imepotea njiani; mahali pake pametundikwa mizani ya samaki iliyotoka soko la Feri, nayo yasoma vizuri, mradi uzidishe kilo kwa 9.81 na tena kwa nusu mita ya mkono. Wanafunzi wa chuo huja siku za Alhamisi, maana mteja wa mradi wao amekataa ripoti ya picha na ametaka vipimo. Nilipofika mwezi uliopita palikuwa na stakabadhi tatu za chuo zimechomwa pamoja kwenye msumari ukutani, juu ya swichi, kila moja imeandikwa "kukodi mashine ya kupimia", na ile ya juu ilikuwa na sahihi ya yule yule aliyetoa hoja ya kuiuza.